Kompyuta ya Studio: Kwa Nini i5 Huweza Kuishinda i7

Ukiingia kwenye duka la laptopu za mtumba Kariakoo, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, ukasema unatafuta mashine ya kutengenezea mabiti, utaambiwa uchukue Core i7 kabla hujamaliza sentensi. Kibandiko hicho kina jina mjini. Muuzaji anakipangusa vumbi kwa kidole gumba kana kwamba ndicho kinachouzwa, na mnunuzi anaondoka roho kwatu.

Sasa chukua laptopu mbili za kawaida kabisa kwenye shelfu hizo. Moja ina prosesa ya Intel Core i7-7500U, iliyotoka mwaka 2016. Nyingine ina Core i5-8250U, ya mwaka 2017. Ukisoma maelezo yao, ya kwanza ni i7 yenye kasi ya gigahezi 2.7; ya pili ni i5 yenye gigahezi 1.6. Nani asingechagua ya kwanza? Lakini fungua mradi wenye treki nyingi na plagini za kutosha, yaani programu ndogo za kuongeza ala na kurekebisha sauti, i7 itaanza kukatakata wakati i5 bado inapumua. Sababu haikuandikwa kwenye kibandiko: i7 ile ina kori mbili tu, yaani sehemu mbili za kufanyia hesabu ndani ya prosesa, na i5 hii ina nne. Ile 1.6 nayo ni kasi ya msingi tu, ambayo kiwanda kinaiahidi kwa matumizi madogo ya umeme, wati 15. Zikipata nafasi ya kujinyoosha, i7 inafika gigahezi 3.5 na i5 inafika 3.4. Hapo hakuna tofauti ya kugombania.

Herufi ya mwisho inasema mengi kuliko i ya mwanzo. U ni prosesa ya kubana umeme, ya laptopu nyembamba. H au HQ ni ya laptopu nene yenye feni ya maana: i7-7700HQ, ya kizazi kilekile cha saba kama i7-7500U, ina kori nne na imepangiwa wati 45. Zote mbili zinaitwa "i7 ya kizazi cha saba" na muuzaji hadanganyi anaposema hivyo.

Hata hivyo, kusema tu kwamba i5 imeshinda hakumalizi maneno. Ipo kazi ya kila siku studio ambayo mashine hizi mbili zitakaribia kutoka sare, na ili kuielewa inabidi tuangalie sauti inatokaje ndani ya kompyuta.

Sauti ya dijitali ni vipimo. Kwenye CD, na kwenye miradi mingi ya muziki, kila sekunde ina vipimo 44,100 kwa upande wa kushoto na vingine vingi hivyohivyo kwa kulia. Kompyuta haivipeleki kimoja kimoja kwenye saundi kadi. Inavipakia kwa mafungu, na fungu moja ndilo linaloitwa bufa. Ukiweka bufa ya vipimo 256, fungu moja lina sauti ya milisekunde 5.8. Lifikirie kama pantoni ya Kigamboni, ila pantoni isiyosubiri mtu: inang'oa kila baada ya milisekunde 5.8, mara 172 kwa sekunde, imejaa au haijajaa. Wapakiaji wakimaliza mapema, wanakaa kivulini kungoja safari inayofuata; uhodari wao haumwongezei abiria chochote. Wakichelewa hata kidogo, pantoni inavuka tupu, na utupu huo ndio ule mlio wa "tak" unaousikia katikati ya kiitikio.

Kwa hiyo swali la mtengeneza muziki si kompyuta hii inafanya kazi nyingi kiasi gani kwa saa. Swali ni kama itawahi kila safari, bila kukosa hata moja, kwa muda wote wa wimbo. Wimbo wa dakika tatu na nusu kwa bufa ya 256 una safari zaidi ya 36,000. Ukikosa mbili tu msikilizaji atazisikia, ingawa kwa hesabu ya wastani kompyuta imefaulu kwa zaidi ya asilimia 99.99.

Hapo ndipo malalamiko ya kawaida kabisa yanapopata jibu. Prodyuza anafungua Task Manager ya Windows, anaona prosesa imetumika asilimia 30, na huku spika zinatoa mikwaruzo. Anahitimisha kwamba programu ni mbovu. Kumbe namba ile imefanyiwa wastani mara mbili. Kwanza ni wastani wa kori zote: kwenye prosesa yenye kori nne ambazo Windows inaziona kama nane, kori moja ikilemewa kabisa na nyingine zimekaa, utaona kama asilimia 12 au 13 tu. Pili ni wastani wa muda: namba hiyo hubadilika mara moja au mbili kwa sekunde, na ndani ya sekunde hiyo pantoni 172 zimeshaondoka. Kipimo cha kuangalia ni kile kilichomo ndani ya programu ya muziki yenyewe. FL Studio, kwenye mipangilio ya sauti, ina sehemu inayohesabu ni mara ngapi bufa imekosa kujazwa. REAPER ina dirisha la kupima utendaji linaloonyesha fungu lililochukua muda mrefu kuliko yote likilinganishwa na muda uliokuwepo. Hiyo namba ya pili ni dhahabu, kwa sababu inakuonyesha safari mbaya kuliko zote badala ya wastani wa safari nzuri.

Kuna kituko kimoja kinachoonyesha jinsi wastani unavyodanganya. Plagini za mwangwi za zamani zilikuwa na tabia ya kuilemea prosesa wakati wimbo unafifia kuelekea kimya. Mkia wa mwangwi ukishapungua sana, namba zinazobeba sauti zinakuwa ndogo kiasi kwamba prosesa inazifanyia hesabu kwa njia ya pembeni iliyo ndefu zaidi. Ala zimenyamaza, mzigo unapanda. Waandishi wa plagini za siku hizi wanazigeuza namba hizo kuwa sifuri mapema na tatizo limepungua, lakini kwenye plagini za bure za miaka ya nyuma bado utakutana nalo.

Turudi kwenye kori. Chukua treki ya vokali ya kawaida: sauti inapita kwanza kwenye plagini ya kunyoosha tuni, halafu ikwalaiza ya kusawazisha besi na sauti za juu, halafu kompresa ya kubana sauti, halafu ya kupunguza makali ya herufi s, mwisho mwangwi. Kompresa haiwezi kuanza kazi kabla ikwalaiza haijamaliza, maana inachobana ni kile kilichotoka kwenye ikwalaiza. Mnyororo mzima, kwa hiyo, unafanywa na kori moja. Kori nyingine zinaweza kushika ngoma, besi na kinanda kwa wakati uleule, lakini haziwezi kuisaidia vokali. Kisha treki zote zinakutana kwenye masta, yaani njia ya mwisho ya kutokea sauti yote, na pale prodyuza wetu wengi wamejaza: ikwalaiza, kompresa ya bendi nyingi, ya kupanua stirio, limita ya kuzuia sauti isivuke kikomo, na limita nyingine juu ya limita. Mnyororo wa masta nao hauanzi mpaka treki zote zimefika. Kori ziwe mbili au kumi na sita, mwishoni kazi yote inabaki mikononi mwa moja.

Mwaka 1967 mhandisi wa Marekani Gene Amdahl alitoa hoja ambayo leo inaitwa kanuni ya Amdahl: sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoweka kikomo. Kama robo ya kazi haiwezi kugawanywa, hata ukiongeza kori hadi mwisho wa dunia hutapata kasi zaidi ya mara nne. Ndiyo maana kwenye mnyororo mmoja mrefu, i7-7500U na i5-8250U zinakaribiana sana. Kila moja imeleta kori moja uwanjani, na kori hizo mmoja mmoja hazitofautiani kwa mengi. Kwenye treki thelathini nyepesi i5 inaondoka. Biti ya mtu mmoja inaweza kuwa ya aina ya kwanza na ya jirani yake ya aina ya pili, na wote wawili wakabishana mtandaoni kuhusu laptopu ileile, kila mmoja akisema kweli.

Vipimo maarufu vya kompyuta vinaingia wapi? Cinebench, ya kampuni ya Maxon, inachora picha moja kubwa ya pande tatu kwa kuigawa vipande vidogo. Kila kori inachukua kipande chake na hakuna anayemsubiri mwenzake. Hiyo ni kazi inayogawanyika kikamilifu, kinyume kabisa na mnyororo wa masta. Alama yake ya kori zote inakupa picha ya mashine itatoa wimbo uliokamilika kwa haraka kiasi gani, maana wakati wa kutoa faili la mwisho hakuna pantoni inayoondoka. Programu inachukua muda inaoutaka. Kwa kucheza kinanda moja kwa moja, haikuambii mengi. Alama ya kori moja, kwenye Cinebench au Geekbench, ndiyo ninayoiangalia kwanza, kwa sababu angalau inagusa mnyororo. Bado haigusi swali la kuwahi.

Kipimo kilichotengenezwa makusudi kwa ajili yetu ni DAWbench, cha Vin Curigliano wa Australia. Mantiki yake ni rahisi: fungua mradi uliopangwa tayari, washa plagini moja baada ya nyingine mpaka sauti ianze kukatika, andika idadi, kisha punguza bufa na urudie. Matokeo yanatolewa kwa bufa tofauti, na hapo ndipo utamu ulipo. Mashine inayotamba kwenye bufa ya 512 inaweza kuporomoka kwenye 64, huku nyingine ikipoteza kidogo tu. Ya pili ndiyo ya studio, hata kama idadi yake ya juu ni ndogo.

Bufa yenyewe uiweke kiasi gani? Inategemea kama kuna binadamu anayesubiri. Anayeingiza sauti kwa maiki na kujisikia kwenye hedifoni analipa bufa mara mbili, kuingia na kutoka, pamoja na muda mdogo wa saundi kadi kubadilisha umeme kuwa namba na namba kuwa umeme. Kwa bufa ya 256 inakuwa milisekunde 11.6 na kidogo juu yake, sawa na kumsikiliza mtu aliyesimama kama mita nne kutoka kwako. Watu wanaimba hivyo bila shida. Kwa 1,024 inavuka milisekunde 46, na mwimbaji anaanza kuvuta nyuma bila kujua kwa nini.

Kwa anayepiga kinanda cha MIDI, kile kinachoiambia kompyuta noti ipi imepigwa, sauti inalipa safari ya kutoka tu, lakini tempo inaingilia. Kwenye singeli ya mapigo 200 kwa dakika, pigo moja lina milisekunde 300, na robo ya pigo, ile ambayo vidole vinaikimbiza, ni milisekunde 75. Bufa ya 1,024 ni milisekunde 23, karibu theluthi ya nafasi kati ya noti na noti. Kwenye mduara wa mapigo 100, kuchelewa kulekule ni sehemu ya sita na mchezaji anaweza asikutambue. Tempo yenyewe haiilemei prosesa hata kidogo. Singeli nyingi inajengwa kwa vipande vya sauti vilivyokwisha kurekodiwa na ni nyepesi kwa mashine. Inachobana ni uvumilivu wa mkono.

Kwa kumiksi, wala usijisumbue na bufa ndogo. Panda mpaka 1,024 au 2,048, hakuna anayepiga chochote. Na kwa vokali kuna njia inayookoa mashine dhaifu: saundi kadi nyingi za USB, hata zile ndogo za kuingiza maiki mbili, zina kitufe au kishikio cha kumrudishia mwimbaji sauti yake moja kwa moja bila kupita kwenye kompyuta. Hatasikia mwangwi wa plagini, lakini hatachelewa. Kama kazi yako kubwa ni kurekodi vokali juu ya biti iliyokwisha kutolewa, treki mbili tatu kwa wakati, laptopu ya miaka kumi iliyopita inakutosha na pesa iende kwenye maiki.

Hapa lazima niseme neno kuhusu kulinganisha programu kwa programu, maana ndipo ubishi mwingi unapopotelea. REAPER inaandaa mapema treki zisizopokea sauti ya moja kwa moja. Kwa kuwa inajua kinachokuja, inahesabu kabla ya wakati na kuweka akiba. Cubase ina mpango wa aina hiyohiyo uitwao ASIO-Guard. Treki uliyoiwasha kwa kurekodi haipati upendeleo huo, hiyo inabaki kwenye bufa halisi. Matokeo yake, laptopu moja inaweza kubeba plagini nyingi zaidi kwenye programu moja kuliko nyingine, na tofauti hiyo haihusiani na mashine. Vivyo hivyo kwa kiwango cha vipimo: ukihama kutoka 48,000 kwenda 96,000 kwa sekunde, hesabu zinakuwa maradufu na fungu la 256 linaisha kwa nusu ya muda. Anayelinganisha mashine zenye mipangilio tofauti analinganisha mipangilio.

Draiva, yaani programu inayoiunganisha kompyuta na kifaa, ni sura nyingine. Kwenye Windows, njia za sauti za kawaida zilitengenezwa kwa ajili ya kuangalia video na kusikiliza arifa, si kupiga kinanda. Steinberg wa Ujerumani walileta ASIO mwaka 1997 ili programu ya muziki iongee na saundi kadi bila kupita ofisi nyingi. Saundi kadi yenye draiva yake nzuri ya ASIO inaweza kukupa bufa ya 128 iliyotulia kwenye mashine ambayo, kwa ASIO4ALL na sauti ya ndani ya laptopu, ilikuwa haiendi chini ya 512. ASIO4ALL, draiva ya bure ya kutumia ASIO kwenye kadi isiyo na yake, ni msaada mkubwa kwa asiye na kitu, na nisingemcheka mtu anayeitumia, ila usiipimie kompyuta.

Halafu kuna wale wanaoingilia. Ndani ya Windows, draiva ya Wi-Fi au ya kadi ya picha inaweza kuishika kori kwa kitambo na kuizuia isifanye kingine. Milisekunde moja au mbili hazimsumbui anayeandika barua. Kwa bufa ya 64, ambayo ni milisekunde 1.5 kwa jumla, ni safari nzima imepotea. Programu ya bure ya LatencyMon inakutajia mhalifu kwa jina la faili. Ukiona ndis.sys juu ya orodha, ni mambo ya mtandao: zima Wi-Fi, sikiliza tena. Mara nyingi hiyo peke yake inaigeuza laptopu. Ukishusha plagini za wizi nazo, usishangae ukikuta kitu kingine kinachokula prosesa kimyakimya. Zile si zawadi kila mara.

Joto ndilo jambo ambalo vipimo vya Ulaya havituambii vya kutosha. Prosesa za laptopu zinaruhusiwa kupanda kasi kwa kitambo, kisha zinashuka zinapofikia kikomo cha umeme au cha joto. Kipimo cha dakika moja kinapiga picha ule mwanzo mtamu. Cinebench R23 inaendesha jaribio kwa dakika kumi kwa sababu hiyo. Sasa fikiria studio ya chumbani Dar es Salaam mwezi wa Februari. Madirisha yamezibwa kwa magodoro ili kelele za bodaboda zisiingie. Mwimbaji yuko kwenye maiki, kwa hiyo kiyoyozi kimezimwa kwa sababu kinavuma, na feni ya mezani imezimwa pia. Bufa imeshushwa mpaka 128. Yaani ule wakati ambao kompyuta inadaiwa kuwahi zaidi ndio wakati ambao chumba kina joto kuliko wakati wowote. Laptopu iliyobeba mradi asubuhi bila kukohoa inaanza kukatakata saa nane mchana, na hakuna kilichobadilika kwenye mradi. Feni ya laptopu yenyewe inaunguruma na maiki inaichukua. Sijaona jedwali la matokeo lenye safu ya "kelele", na kwangu ingekuwa safu ya pili baada ya kori moja.

Umeme una mambo yake. Ukikatika, laptopu inahamia betri na Windows inashusha kasi kulinda chaji. Mradi uliokuwa unapita unagoma. Wengine wanachomoa chaja kwa makusudi kwa sababu chaja inaleta mvumo kwenye saundi kadi, wakarekodi safi kisha wakashangaa kwa nini sauti inakatika. Mpangilio wa umeme wa Windows uweke kwenye utendaji wa juu, na mvumo utafutiwe dawa kwenye waya wa ardhi.

RAM haiongezi kasi, inakupa nafasi. Kwa mabiti ya kawaida GB 8 zinabeba, 16 zinakupa raha, na anayetaka okestra nzima ya ala zilizorekodiwa noti kwa noti atahitaji 32 na kuendelea. Ikijaa, mashine inaanza kuhifadhi kwenye diski na hapo hakuna kuwahi tena. Diski nayo watu wanaiogopa mahali pasipostahili: treki ya stirio ya biti 24 (biti hapa ni ukubwa wa namba za kompyuta, si mdundo) kwa vipimo 48,000 inasoma baiti 288,000 tu kwa sekunde, hivyo treki 50 ni kama megabaiti 14.4, na diski ya kawaida inazunguka ikitoa zaidi ya hapo. Inapozidiwa ni pale sampuli za piano au nyuzi zinapohitaji vipande vidogo mamia kutoka kila kona. SSD inamaliza shida hiyo, na ndiyo badiliko la bei nafuu lenye faida kubwa kwa laptopu ya zamani. Kadi ya picha ya gharama haikusaidii kitu kwenye plagini za kawaida. Jambo moja tu la kukumbuka kwa mtumba: Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwenye orodha yao ya prosesa za Windows 11 i5-8250U imo, i7-7500U haimo.

Na Mac? Prosesa za M1 zilizotoka Novemba 2020 zilibadilisha mazungumzo kwa sababu moja inayotuhusu: kori moja yenye nguvu kubwa kwa joto dogo. MacBook Air ya M1 haina feni kabisa, na kwenye chumba cha kurekodi hiyo ni sifa isiyolipika, ingawa kazi nzito ikiendelea muda mrefu kwenye joto letu nayo itashusha kasi. Draiva ya sauti iliyomo ndani ya Mac inatosha bila ASIO. Lakini usihesabu kori nane ukadhani ni nane sawa. M1 ina nne za nguvu na nne za kubana umeme, kama ambavyo Intel nao walianza kuchanganya aina mbili kwenye kizazi cha kumi na mbili mwishoni mwa 2021. Programu ya muziki ikitupa mnyororo mzito kwenye kori dhaifu, utasikia. Pia hesabu plagini zako kabla ya kuhama: za zamani za biti 32 hazifanyi kazi kwenye macOS tangu toleo la 2019, na ambazo hazijaandikwa upya kwa prosesa mpya zinapitia mfasiri wa Apple aitwaye Rosetta 2, kwa gharama ya nguvu kidogo. Logic Pro ni ya vifaa vya Apple peke yake, kwenye Windows haipo. FL Studio, ambayo wengi bado wanaiita Fruity, imekuwa ikifanya kazi rasmi kwenye Mac tangu 2018, kwa hiyo hofu ya "Fruity haipo" imepitwa na wakati.

Ukitaka kulinganisha mashine mbili dukani kwa haki, beba REAPER kwenye flashi. Wakati wa kuisakinisha kuna chaguo la kuifanya ihamishike, na inakuja na sinthesaiza, kompresa na mwangwi wake, kwa hiyo huhitaji kusakinisha chochote kwenye kompyuta ya mtu. Andaa mradi nyumbani. Dukani weka njia ileile ya sauti na bufa ileile kwa mashine zote mbili, tuseme WASAPI, njia ya sauti ya Windows yenyewe, na 512, chomeka chaja, zima Wi-Fi.

Fanya majaribio mawili tofauti. La kwanza ni la upana: treki moja yenye sinthesaiza na plagini tatu, unainakili na kunakili mpaka sauti ikatike. Hilo linazipima kori zote kwa pamoja. La pili ni la kina: treki moja tu, imewashwa kitufe chekundu cha kurekodi na cha kujisikiliza ili REAPER isiiandae mapema, na unaongeza kompresa juu ya kompresa mpaka ikatike. Hilo linapima kori moja. Mashine inaweza kushinda moja na kushindwa la pili, na wewe ndiye unayejua biti zako zinafanana na lipi. Kisha rudi kwenye mradi wa upana, punguza mpaka robo tatu ya idadi uliyofika, uache ucheze dakika kumi na tano huku mnapiga soga na muuzaji. Ikianza kukatika dakika ya nane, umeshajua hali ya feni na ya ile dawa inayopakwa juu ya prosesa kupitisha joto. Kwenye mtumba huwa imekauka, na ndiyo maana laptopu mbili za modeli moja, zilizopangwa bega kwa bega, hutoa namba mbili. Hapo una hoja ya kupunguziwa bei, kwa sababu kusafisha feni na kupaka dawa upya ni kazi ya fundi ya siku moja. Mwisho chomoa chaja mradi ukiwa unacheza, na uweke sikio karibu na tundu la feni.